Milimita Arobaini

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Dokta Kang amenitangulia kufika juu tena. Dakika saba. Nilipofika alikuwa ameshavaa koti la upepo, ameshakula yai la chai, yale yanayochemshwa kwenye majani ya chai, anamenya la pili. Akaniambia nimejitahidi. Sipendi kuambiwa nimejitahidi.

Ni daktari wa meno. Ana miaka hamsini na moja, nimemzidi mitatu tu. Baiskeli yake ni nyepesi mno. Ukiinyanyua unadhani umeshika mwavuli. Nina hakika kinachopanda mlima ni baiskeli, siyo yeye. Lakini hakika bila kipimo ni maneno matupu, na mimi ni mpimaji. Miaka ishirini na sita kiwandani hapa Fengyuan, nikipima vitovu vya magurudumu kimoja baada ya kingine, mpaka nilipostaafu. Hakuna aliyewahi kusema Hsiao Wen-tao alikosea.

Liao Ching-fa alifika wa mwisho, dakika arobaini nyuma yangu, uso wote tabasamu. Mara yake ya kwanza kupanda tangu Machi, walipomtia kibomba kwenye mshipa wa moyo. Kiwandani tulikaa meza moja miaka yote ile. Alipopumzika akatueleza shida yake. Daktari wa moyo amemruhusu kuendesha, ila asisukume zaidi ya wati mia na thelathini. Saa ya mapigo haimsaidii, kwa sababu vidonge anavyomeza vinauzuia moyo kwenda mbio hata akijiumiza. Leo amepanda kwa kubahatisha. Anachohitaji ni kipima nguvu, kile kinachofungwa kwenye baiskeli na kukuonyesha kwenye kioo cha usukani kwamba sasa hivi miguu yako inasukuma wati kadhaa.

Nimeshuka mlima mzima nikiliwaza jambo hilo. Kipima nguvu kikiwekwa kwenye baiskeli ya Kang, halafu kwenye yangu, ukweli utajulikana.

Kuna tatizo la Pi-hsia. Nilipoleta baiskeli ya pili nilimwapia mke wangu kwamba nyumba hii haitaingia tena hata nati. Basi tutanunua watatu kwa pamoja, tutumie kwa zamu. Sababu itakuwa moyo wa Ching-fa. Nani ataupinga moyo wa Ching-fa?

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Kikao kwenye duka la maziwa ya soya karibu na kituo cha treni. Nilifungua kwa maneno mazito kuhusu urafiki na afya. Ching-fa machozi yalimlengalenga, akainama kwenye bakuli. Nilijisikia vibaya kidogo, nikaagiza andazi jingine refu la kuchovya.

Swali lilikuwa aina gani. Tupo watatu na baiskeli nne: mbili zangu, moja ya Kang, na ile ya chuma ya Ching-fa aliyoinunua mwaka aliooa. Kipima nguvu kinaweza kukaa ndani ya mkono wa pedali, kile chuma pedali inapofungwa, au kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, au ndani ya pedali zenyewe.

Mimi nilipendekeza mkono wa pedali. Nilisema ndicho kitu imara, mvua haikifanyi kitu, wapimaji wote wanakisifu. Sikusema kwamba mkono ule unaingia kwenye baiskeli zangu zote mbili, hauingii kwa Kang, na kwa Ching-fa usingeingia hata kwa nyundo. Nilipanga tugundue hayo baada ya kununua. Wangesikitika, mimi ningesikitika nao, na kipima kingekaa kwangu.

Kang akatoa mfukoni utepe wa kupimia. Mtu gani anakwenda kunywa maziwa ya soya na utepe wa kupimia? Akatoka nje, akachuchumaa barabarani mbele ya baiskeli zetu, watu wanampita na pikipiki. Alirudi na majibu kwenye karatasi ya kufungia andazi. Mkono hautufai. Gurudumu pia halitufai, maana gia za nyuma za Ching-fa ni nane na zake yeye ni kumi na mbili. Lakini tundu la pedali ni lile lile kwenye baiskeli zote nne. Unafungua kwa spana, unafunga kwingine, dakika tano. Na mikono ya pedali zetu zote ina urefu mmoja, milimita mia na sabini, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha.

Ching-fa akasema, "Kumbe sote watatu miguu mifupi."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilikuwa nimelala saa tatu tu nikiandaa hoja zangu.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Pedali zimefika. Nyeusi, nzito kidogo, nzuri kuliko nilivyotaka. Zamu zimeandikwa na Kang kwa mwandiko wa daktari asiye na haraka: kila mtu anakaa nazo mpaka apande mara moja, Jumapili zinapumzika na kuchajiwa. Anayemaliza anampelekea anayefuata. Ching-fa akaomba asiwe wa kwanza, akasema ataziharibu. Mimi nikajitolea.

Pi-hsia aliziona mezani, akauliza ni nini. Nikamwambia ni kifaa cha matibabu cha Ching-fa. Akazipangusa vumbi kwa kitambaa safi, akaziweka juu ya kabati, mahali pa heshima.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Nimepanda leo asubuhi peke yangu barabara ya msitu kutoka Dongshi, kilomita kumi na tano, mpaka kwenye kibanda cha Mama Chiung wa mayai ya chai. Nilisukuma mpaka nikaona nyota. Wastani: wati mia na sitini na nane.

Nimekaa kwenye benchi la Mama Chiung nikiitazama namba hiyo. Akaniuliza kama nimepata habari mbaya kutoka nyumbani.

Bado sikukata tamaa. Ikiwa mia na sitini na nane ndiyo nguvu ya mtu kama mimi, basi Kang na mwavuli wake atapata mia na arobaini. Nimempelekea pedali jioni. Nilimfungia mwenyewe, nikakazia upande wa kushoto kinyume, nikachubua vidole vitatu. Akaniletea dawa ya kupaka.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Kang amepanda leo barabara ile ile. Mia mbili na kumi na tano.

Hakujisifu. Alinitumia namba na neno moja: "Nimechoka." Ningependelea ajisifu.

Nimekataa chakula cha jioni. Baadaye nimekula.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba

Pedali zimekuja kwangu kupitia kwa Ching-fa, ambaye ameomba zamu yake irukwe kwa sababu mjukuu ana homa. Nimekaa nazo kwenye meza ya jikoni, nikafungua ukurasa wa pedali hizo kwenye simu. Kuna picha za betri, tarehe, lugha. Mwisho kabisa, mahali ambapo mtu mwenye kazi zake hafiki, pameandikwa urefu wa mkono wa pedali. Mia na sabini. Pembeni kuna mshale wa juu na mshale wa chini.

Mpimaji anaelewa haraka. Pedali hazijui ziko kwenye mkono gani. Zinaamini unachoziambia. Ukiziambia mkono ni mrefu, zinasema wewe una nguvu. Ukiziambia ni mfupi, zinasema huna.

Nimeweka mia mbili. Nikaenda mpaka darajani na kurudi. Mia na tisini na nane bila hata kutoka jasho vizuri. Siwezi kueleza raha niliyoipata. Nimempigia Pi-hsia honi ya mdomo nilipoingia getini. Akauliza kama nimekunywa.

Halafu nikafikiri. Nikipanda ghafla namna hiyo watanishuku. Kumshusha Kang ni bora zaidi. Mtu anaweza kushuka wakati wowote. Anazeeka, anachoka, hajalala. Na ataamini, kwa sababu anaamini namba.

Nimeshusha mpaka mia na thelathini. Milimita arobaini. Kiwandani nilikuwa narudisha kasha zima kwa tofauti ambayo jicho halioni. Nilisita, nakiri hapa. Nilisita kama muda wa chai kupoa. Kisha nikabonyeza.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Nimezipeleka pedali kliniki kwa Kang baada ya chakula cha mchana. Kesho Alhamisi anafunga mapema na atapanda. Nimemtakia safari njema kwa moyo mweupe kabisa. Akanishukuru, akanitazama meno nikiongea, akasema nije anisafishe, bure.

Usiku mwema kwangu.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Sijui niandike vipi.

Tangu asubuhi nilikuwa nangoja ujumbe wa Kang. Nilishaandaa jibu la kumfariji. Saa nane simu ikalia, nikaipokea nikicheka. Ilikuwa ni yeye, anasema yuko hospitali. Nikamuuliza ameanguka? Akasema, "Siyo mimi. Ni Ching-fa."

Jana jioni alikuja mgonjwa aliyevunjika taya kwenye ajali, Kang akaona leo hataweza kupanda. Akampelekea Ching-fa pedali, akamfungia mwenyewe. Ching-fa akapanda leo alfajiri, peke yake, amefurahi kwamba hatimaye anacho kipimo cha kumlinda. Alipofika karibu na kibanda, Mama Chiung alimwona anashuka kwenye baiskeli taratibu, akailaza chini vizuri, akakaa kwenye ukingo wa barabara na mkono kifuani. Mama Chiung hakungoja. Alimwita mtu mwenye gari la matunda, wakambeba juu ya makasha ya persimoni.

Nimeuliza kioo cha usukani kilikuwa kinasomaje. Kang akashangaa kwamba hilo ndilo ninalouliza. Akasema mia na ishirini na nane. Ching-fa hakuvuka hata mara moja kikomo alichopewa.

Mia na ishirini na nane. Nimepiga hesabu pembeni ya ukurasa huu, nikaifuta, nikaipiga tena. Mia na sitini na saba.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Yuko hai, anaongea, kucha zake zina rangi. Madaktari wanasema moyo umechokozwa ila haujaumia. Atakaa siku tatu nne wamwangalie.

Mkewe, Yueh-chiao, alinikuta kwenye korido. Hajalala. Nilimwambia pole shemeji, akanishika mikono yote miwili. "Shemeji, usijilaumu," akasema. "Najua wewe ndiye uliyetafuta kile kifaa. Bila kile angejiua huko juu. Angalau alijua asipite wapi."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Ukasema nimeleta machungwa.

Ching-fa alikuwa anatazama dari. Akaniambia bila kunigeukia kwamba alifuata maelekezo yote, kila mita. Alikuwa anaitazama namba kuliko barabara. Akasema sasa amejua: hata ile mia na thelathini si yake tena. "Moyo wangu umekwisha, A-tao. Ni vizuri kujua mapema."

Nikamenya chungwa. Nikamenya yote sita.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Ching-fa amerudi nyumbani. Amemwambia Yueh-chiao atafute mtu wa kuchukua baiskeli ya chuma. Haiuzi, anaitoa tu, kwa yeyote mwenye miguu mifupi.

Baiskeli ile najua kila mkwaruzo wake. Mwaka wa tetemeko, barabara zilipopasuka na magari hayapiti, aliipanda kutoka kwake mpaka kwa wazazi wangu milimani, amefunga mgongoni gunia la mchele, kuwaona kama wako hai. Mimi nilikuwa kiwandani, nimezuiwa. Alirudi akaniambia, "Wapo. Mama yako amenigombeza nimechafua sakafu."

Sijawahi kumlipa jambo hilo. Sijui linalipwaje.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Leo nimefanya kitu kibaya zaidi, na nilikifanya kwa ustadi.

Nilikwenda kwa Ching-fa alipokuwa amelala. Nilimwambia Yueh-chiao nimekuja kuzifungua pedali ili asizione akaumia. Akasema nina roho nzuri. Akanionyesha baiskeli chini ya ngazi, akaniwashia taa, akaenda kuchemsha maji.

Nikatoa simu. Mia na thelathini ikarudi kuwa mia na sabini. Sekunde nne. Baada ya hapo hapakuwa na ushahidi wowote duniani ila mimi.

Nilidhani nitapumua. Nilibaki nimechuchumaa pale, spana mkononi, nikasikia Ching-fa anakohoa juu, na Yueh-chiao anamuuliza kama anataka uji wa wali mzito au mwepesi. Akajibu, mwepesi, mimi ni mgonjwa. Hakuwa anatania.

Nilikunywa chai waliyonipa. Nilisifu majani yake.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Kang amekuja nyumbani jioni na makaratasi. Sijawahi kumwona na uso ule. Amechukua kumbukumbu ya safari ya Ching-fa kutoka kwenye kioo: muda, mwinuko, mwendo. Ameongeza uzito wa mtu na uzito wa baiskeli. Anasema mtu wa kilo sitini na mbili juu ya chuma kile hawezi kupanda kwa mwendo ule kwa wati mia na ishirini na nane. Haiwezekani. Lazima zilikuwa mia na sitini na kitu. Amezikagua pedali nilizorudi nazo jana, urefu wa mkono uko sawa. Basi zimekosea wapi?

Akaniuliza mimi, kama mpimaji.

Nikasema labda baridi ya alfajiri. Chuma husinyaa.

Akasema chuma hakisinyai robo. Akakusanya karatasi moja moja, akazilinganisha pembe. Mlangoni akavaa viatu polepole sana, kama mtu anayesubiri kuitwa. "Wewe ndiye uliyenipa zile pedali siku moja kabla," akasema, akitazama kamba za viatu. Sikumwita. Akaenda.

Pi-hsia alikuwa anakata mboga. Hakugeuka. Akasema, "Baba Yi-ting, nimeishi na wewe miaka ishirini na tisa. Ukishasema maneno ya joto na baridi, kuna kitu umevunja."

Nikamwambia. Yote. Aliendelea kukata mpaka mboga ikaisha, na ilikuwa nyingi. Halafu akasema kesho kutwa Yueh-chiao anakwenda sokoni asubuhi, kwa hiyo Ching-fa atakuwa peke yake. Hakuongeza neno. Ametandika kitanda cha chumba cha mwanetu Yi-ting. Ni cha kwangu.

Alhamisi, tarehe 24 Oktoba

Nimekwenda.

Ching-fa alikuwa sebuleni, anamwaga maji ya kwanza ya chai. Akanitolea kikombe bila kuuliza. Nikamwambia sitakunywa mpaka nimalize kusema. Akasema basi chai itakuwa chungu, nianze.

Nilianza kwa kusema pengine kipima kilikosea. Akasema, "Pengine?" Nikasema kilikosea. Nikasema kwamba mtu alikigusa. Akasubiri. Nikasema kwamba mtu huyo ni mimi, nilitaka Kang aonekane dhaifu, na sikujua pedali zitafika kwake.

"Ulishusha kiasi gani?"

"Milimita arobaini."

"Arobaini." Akaweka birika chini. "Wewe? Wewe uliyerudisha shehena nzima ya Waholanzi kwa sababu ya unywele mmoja? Meneja analia, wewe umekunja mikono. Nilijivuna kukaa karibu na wewe siku ile."

Nje mtu alikuwa anapitisha gari la taka, lile lenye muziki, na majirani wanatoka na mifuko yao. Tukausikiliza mpaka ukapita.

"Wiki nzima," akasema, "nimelala nikijiambia nimekwisha. Nimegawa baiskeli yangu. Nimemwambia Yueh-chiao wapi zilipo hati za nyumba. Amelia jikoni akidhani simsikii. Ulikuja ukamenya machungwa, A-tao."

"Najua."

"Sita."

"Najua."

Alikuwa anatazama miguu yake, ndani ya kandambili. Kisha akauliza kwa sauti tofauti, kama mtu anayeuliza habari za jamaa wa mbali. "Kwa hiyo siku ile ilikuwa ngapi hasa?"

"Mia na sitini na saba."

"Kilomita zote zile?"

"Zote. Mpaka ulipokaa."

"Mia na sitini na saba," akarudia. "Na wewe, bora yako?" Nikamwambia mia na sitini na nane. Akacheka pumzi moja tu, puani, na ikaishia hapo.

"Nenda sasa," akasema. "Sikufukuzi. Ila leo nisikuone. Wiki ijayo njoo. Na Kang umwambie mwenyewe, nisije nikamwambia mimi."

Nilisimama. Kikombe changu kilikuwa kimejaa bado. Ningekinywa. Najuta sikukinywa, angalau kingebaki kitu kimoja pale tulichomaliza pamoja.

Ijumaa, tarehe 25 Oktoba

Kang alinisikiliza akiwa amevaa barakoa yake ya kazi, kwa hiyo sikuona mdomo. Mwishoni akasema alijua tangu Jumanne. Alikuwa anangoja aone itanichukua siku ngapi. Hakusema tatu ni nyingi au ni chache.

Zamu zimekufa. Pedali ni za Ching-fa moja kwa moja. Baiskeli ya chuma ilikuwa imeshachukuliwa na mwalimu mmoja wa Tanzi. Nilikwenda kumwomba airudishe, nikampa ya kwangu, ile nyeusi, nzuri zaidi mara tatu. Alidhani ni utapeli. Alinipigia simu baadaye kuuliza ina kasoro gani.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Mambo yametulia, kwa kiasi fulani. Ching-fa hapandi mlima mpaka Februari. Muuguzi wa kliniki ya moyo amempa kihesabu hatua cha kuvaa kiunoni: elfu sita kwa siku, si chini, si juu. Nikaomba na mimi nipewe, nitembee naye. Nilisema ni njia yangu ya kulipa. Niliamini ninavyosema. Yueh-chiao, ambaye tangu ajue haniiti tena shemeji, alinikabidhi changu bila kunitazama. Namba zetu zinaonekana kwa wote kwenye simu. Kang naye amejiunga, anasema ni kwa ajili ya mshikamano.

Siku tatu tumetembea pamoja njia ya reli ya zamani, kandokando ya mto. Hatuongei sana. Jana alisimama kwenye daraja la chuma, akanionyesha korongo mweupe. Nilikaribia kulia.

Tatizo ni Kang. Jana, hatua elfu kumi na moja. Mtu anasimama kutwa nzima mbele ya kinywa cha mtu, elfu kumi na moja anazipata wapi?

Leo mvua ilininyima kutoka asubuhi, na nimegundua, bila kukusudia kabisa, kwamba kihesabu kikifungwa kwa mpira wa nywele wa Pi-hsia kwenye kichwa cha feni ile inayogeuka huku na huku, kila ikigeuka kinahesabu hatua mbili. Hakuna anayeumia. Hii si kama ile. Ile ilikuwa namba ya mtu mwingine, hii ni yangu mwenyewe. Kufikia saa kumi nilikuwa na elfu kumi na tatu.

Saa kumi na robo Ching-fa akapiga simu. Anahema kidogo. Amesema ameona namba yangu, ameona haya, mtu wa rika lake mwenye tumbo kama langu anamzidi, na yeye amekaa na elfu sita zake kama bibi harusi. Ameshavaa viatu. Anatoka tena, anizidi kabla ya chakula.

Nimemwambia asitoke, huku kwangu mvua imerudi kubwa mno.

Tumetenganishwa na mitaa miwili tu. Akasema kwake jua linawaka.

Nikamwambia inakuja huko. Nimekata simu, nimekimbilia feni. Nimeipunguza mwendo, kwanza, isije kuonekana nimesimama ghafla.